Nani Atangulie Kusema?

Ndani ya wiki moja ya Januari 2025, vyama viwili vikubwa vya siasa nchini vilichagua makamu wenyeviti wao wa Tanzania Bara, na wote wawili wakawa watu wa Mara. CCM ilimpata Stephen Wasira, mzee wa Bunda. CHADEMA ilimpata John Heche wa Tarime. Ukipanda basi la Sirari pale stendi ya Bunda utapita Kiabakari na Makutano, utavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, na baada ya muda si mrefu utakuwa Tarime. Barabara ni hiyo hiyo moja, na watu wake wawili wakasimama pande mbili za mabishano makubwa kuliko yote ya mwaka ule.

Aliye mbali akisikia hivyo atadhani kwamba Mara kila mtu anaanika siasa zake bila kutazama nyuma. Sifa hiyo tunayo. Ndugu zetu wa mikoa mingine hututaja kama watu wasiojua kuzungusha maneno, na mimi naipenda sifa hiyo kwa moyo wote. Lakini sifa ya mkoa haimlindi mtu mmoja mmoja anapokuwa amesimama mbele ya meza ya ofisi.

Pita Mwigobero asubuhi, pale mjini Musoma kandokando ya ziwa, ukae kwenye benchi la muuza kahawa. Utasikia siasa tele: leseni za uvuvi, bei ya dagaa, barabara iliyoachwa nusu, zahanati isiyo na dawa. Watu wanasema kwa sauti, wanakatizana, wanawataja viongozi kwa majina. Kisha atokee mmoja aulize, “Sasa mama, wewe ni wa chama gani?” Hapo maneno hukatika. Mmoja atasema chama chake ni watoto wake. Mwingine atainua ndoo yake aende zake.

Hawa si waoga. Wanajua kwamba ipo siku watahitaji karatasi. Karatasi yenyewe ni ya kawaida tu: ukurasa mmoja wenye jina la mwombaji, mtaa anaoishi, sahihi na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji. Barua hiyo ya utambulisho ndiyo utakayoombwa ukitaka kufungua akaunti, kumwekea ndugu dhamana, kushughulikia kitambulisho cha taifa au kuombea kikundi chenu mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Na mwenyekiti wa mtaa au kijiji amepita kwa tiketi ya chama. Sisemi kwamba wenyeviti wanawanyima watu barua kwa sababu ya itikadi. Wengi hutia sahihi bila kuuliza kitu. Ninachosema ni kwamba mama muuza dagaa hana namna ya kujua mapema ataangukia kwa mwenyekiti wa aina gani, na mtu anayekula alichokipata leo hawezi kuijaribu bahati hiyo kwa ajili ya ubishi wa kijiweni. Anapiga hesabu, kisha ananyamaza.

Kwa hiyo swali tulilolizoea, kama ni vema mtu atangaze msimamo wake wa kisiasa au aufiche, lina kasoro tangu mwanzo. Linawauliza watu wote kana kwamba wamesimama mahali pamoja. Swali la kutangulia ni hili: ukishasema, una pa kuangukia?

Butiama inalijibu swali hilo vizuri. Machi 1955 Julius Nyerere alikwenda New York kuzungumza kwa niaba ya TANU mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Wakati huo alikuwa mwalimu Pugu, katika shule ya Mtakatifu Fransisko. Aliporudi akatakiwa achague kati ya ualimu na siasa. Akaacha ualimu, na mshahara ukaenda, akarudi kwao Butiama. Tunapenda kuisimulia habari hii kama habari ya ujasiri, na kweli ni ujasiri. Ila kuna sehemu yake tunayoipita haraka. Nyerere alikuwa mwana wa Mtemi Burito. Alikuwa na mji wa kurudia, shamba la kulima na ndugu wa kumpokea. Wamisionari wa Maryknoll wakampa kazi ya kuwafundisha Kizanaki na kuwatafsiria maandiko. Na alikuwa na shahada ya Edinburgh, kitu ambacho Watanganyika wa wakati ule waliokuwa nacho walikuwa wachache sana.

Mchukue sasa karani wa Kiafrika wa ofisi ya wilaya Musoma, mwaka huo huo, mwenye mawazo yale yale. Mkoloni aliwapiga marufuku watumishi wa serikali kujiunga na TANU. Jirani zetu wa Usukumani walikatazwa hata kusajili matawi ya chama hicho, tangu 1954 hadi 1958. Serikali haikuwa na haja ya kumfunga kila mwenye maoni. Ilitosha kuushika mshahara wake. Nyerere mwenyewe alipotiwa hatiani mwaka 1958 kwa makala ya Sauti ya TANU iliyowasema maofisa wa wilaya, alipewa kuchagua kati ya faini ya shilingi 3,000 na kifungo cha miezi sita, na faini ikalipwa. Nyuma yake kilikuwapo chama. Nyuma ya yule karani palikuwa na mke, watoto na mwisho wa mwezi.

Simpunguzii Mwalimu chochote kwa kusema hivi. Nasema kwamba aliyekuwa na pa kuangukia ndiye aliyetangulia kusema, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Haki inadai tuseme na yaliyofuata. Mwaka 1962, nchi ikiwa huru, ilitungwa sheria iliyomruhusu Rais kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1965 mfumo wa chama kimoja ukaingia kwenye katiba. Oktoba 1968 TANU ikawafukuza uanachama wabunge kadhaa, na kwa kufukuzwa huko viti vyao vikaenda. Mtu wa Bunda au Musoma wa miaka ile aliweza kumkataa mgombea: uchaguzi wa 1965 ulimpa majina mawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na mawaziri walianguka nchini. Lakini kukikataa chama chenyewe, na kusema hivyo mbele za watu, ilikuwa habari nyingine. Nchi iliyoanzishwa na mtu aliyeacha kazi ili aseme ikawafundisha watu wake kupima maneno.

Matokeo ya mafunzo hayo tuliyaona kwa tarakimu. Februari 1990 Nyerere, akiwa bado mwenyekiti wa CCM, ndiye aliyesema hadharani kwamba kujadili vyama vingi si dhambi. Mwaka uliofuata ikaundwa tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni ya wananchi. Takriban asilimia 77 walisema chama kimoja kiendelee. Wengi walisema hayo kwenye mikutano, mbele ya majirani na viongozi wa chama kile kile kilichokuwa kinajadiliwa. Mwaka 1995, watu walipoingia mmoja mmoja kwenye kibanda cha kupigia kura, Benjamin Mkapa wa CCM alipata asilimia 61.8, na zaidi ya theluthi moja ya wapiga kura wakawapa wagombea wa upinzani. Maswali yalikuwa mawili tofauti, najua, na miaka minne inatosha kwa mtu kubadili mawazo. Hata hivyo siamini kwamba pengo lile lote ni la watu waliobadilika. Sehemu yake ni watu waliokuwa na maoni yao tangu zamani, wakasubiri mahali ambapo hakuna anayewaangalia. Tume yenyewe ilipendekeza vyama vingi licha ya wingi ule, na nchi ikapata faida.

Bunda walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia siri ya kibanda hicho. Mwaka huo huo wa 1995 Joseph Warioba, jaji na Waziri Mkuu wa zamani, aligombea ubunge kwa CCM nyumbani kwake, na akashindwa na Wasira aliyesimama kwa NCCR-Mageuzi. Matokeo yakatenguliwa mahakamani na kesi ikafika Mahakama ya Rufani. Baadaye Wasira akarejea CCM, na mwaka 2005 akawa mbunge wa Bunda kwa tiketi hiyo. Mwaka 2015, katika jimbo jipya la Bunda Mjini, akaangushwa na Ester Bulaya wa CHADEMA, ambaye muda mfupi kabla alikuwa mbunge wa viti maalumu wa CCM. Kesi ikafunguliwa tena, safari hii ikagonga mwamba.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo mtu wa kawaida wa Balili au Nyasura anapaswa kulitafakari kabla hajamnunia jirani. Aliyekuwa mpinzani mkali mwaka 1995 leo ni wa pili katika uongozi wa chama tawala upande wa Bara. Aliyekuwa chama tawala mwaka 2014 alikuwa upinzani mwaka 2015. Mimi siwalaumu, kuhama chama ni haki, na mtu mzima anaweza kubadili mawazo kwa nia njema. Lakini wapo ndugu wa tumbo moja walioacha kutembeleana kwa sababu ya kampeni ambazo wenyewe walioziendesha wameshasalimiana na kusahau. Kama wakubwa wanaweza kuhama na heshima yao ikabaki, basi kijana wa boda boda anayeeleza leo kwa nini hatampa kura fulani hastahili kuitwa msaliti wa ukoo.

Tazama na familia yenyewe ya Mwalimu. Mwaka 1995 alizunguka nchi nzima akimnadi Mkapa, wakati mwanawe Makongoro anagombea ubunge wa Arusha Mjini kwa NCCR-Mageuzi, na akaupata. Juni 2015 Makongoro huyo huyo, akiwa amerudi CCM, alisimama Mwitongo, Butiama, akatangaza kuomba urais kupitia chama alichokiasisi baba yake. Katikati ya hapo, mwaka 2010, Vincent Nyerere alikuwa ameuchukua ubunge wa Musoma Mjini kwa tiketi ya CHADEMA. Ukoo mmoja, vyama vitatu, na makaburi ya wazee wao yako pale pale.

Hata wale waliomwita Mwalimu kwa kumaanisha hawakukubaliana naye kila mara. Mwaka 1993, wabunge walipotaka serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, aliwapinga kwa nguvu zote, kwa hotuba na kwa kitabu. Miaka 20 baadaye tume ya katiba iliyoongozwa na Warioba, ambayo Joseph Butiku wa Taasisi ya Mwalimu Nyerere alikuwa mjumbe wake, ilipendekeza serikali tatu. Wazee wawili waliomtumikia kwa karibu, mmoja wa Bunda na mwingine wa Butiama, walitoa hadharani pendekezo lililopingana na la mkubwa wao, na hawakuacha kumheshimu. Hiyo ndiyo shule ninayotaka vijana wetu waione.

Warioba aliilipia shule hiyo. Novemba 2, 2014, kwenye mdahalo wa katiba ulioandaliwa na Taasisi ya Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam, vurugu zilizuka akiwa anazungumza na mkutano ukavunjika. Ikiwa Waziri Mkuu mstaafu anaweza kuzimwa hivyo mchana kweupe, mbele ya kamera, kijana wa Nyasho, Musoma, mwenye simu ya mkopo ajifunze nini? Mwaka uliofuata ikaja sheria ya makosa ya mtandao. Kuanzia 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa katazo hilo Januari 3, 2023. Halafu likaja la Oktoba 29, 2025: uchaguzi ambao CHADEMA haikuwamo, ghasia, vifo, intaneti iliyozimwa. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tangu hapo kuwaambia watu “semeni tu, katiba inawaruhusu” bila kuongeza neno ni kuwatwisha mzigo huku wewe unatembea mikono mitupu. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Ibara hailipi kodi ya nyumba ya mtu aliyefukuzwa kazi.

Pamoja na hayo yote, bado nasema tuseme. Nchi ambayo maoni yake yanajulikana siku ya kura tu, au siku ya ghasia, ni nchi inayoshtuliwa na watu wake yenyewe. Viongozi wanaozungukwa na makofi hawapati nafasi ya kujirekebisha mapema, na wenye hasira wasiosikilizwa huikusanya mpaka ifurike. Tulichokiona Oktoba 2025 hakikuanza Oktoba.

Ila tuseme nini? Tumezoea kudhani kwamba kutaja msimamo wa kisiasa ni kutaja chama. Yule mama wa Mwigobero anaposema zahanati haina dawa na fedha za ushuru wa samaki hazionekani zinakwenda wapi, amekwishatoa msimamo kamili wa kisiasa, na wenye faida kuliko rangi ya fulana. Hoja inaweza kujibiwa: diwani anaweza kuja na hesabu za ushuru akaonyesha kilichofanyika. Chama kikitajwa, mazungumzo yanageuka kuwa ya nani ni wetu na nani si wetu, na zahanati inasahaulika. Kwa hiyo mtu mwenye woga wa haki asijione ameshindwa kwa kukataa kutaja chama chake. Aendelee na hoja yake.

Na kura yake asiulizwe kabisa. Hapo sina mjadala, maana ng'ambo ya Sirari walikwishajaribu kinyume chake. Mwaka 1988, kwenye uchaguzi wa awali wa KANU, wapiga kura wa Kenya walipangwa mistari nyuma ya wagombea wao au picha zao. Kila mtu akajulikana yuko kwa nani: mwajiri akamwona mfanyakazi, chifu akamwona raia, mume akamwona mke. Na juu ya hayo bado ilitokea waliokuwa na mistari mifupi wakatangazwa washindi. Mlolongo ule ulifutwa mwishoni mwa 1990 baada ya kelele nyingi. Uwazi wa kulazimishwa haukuleta ukweli hata kidogo. Mtu anayekubana harusini umwambie ulimpigia nani anataka kukurudisha kwenye mstari ule.

Wapo wanaopaswa kujizuia hata kama wanaweza kusema. Katiba, ibara ya 147, inamkataza askari kujiunga na chama ingawa inamwachia haki ya kupiga kura. Mwalimu mbele ya darasa, muuguzi mbele ya mgonjwa, padri au shehe juu ya mimbari, mwajiri mbele ya vibarua wake: hawa wamemshika msikilizaji, naye hawezi kuinuka akaondoka. Haki na dhuluma wayaseme, na wayaseme kwa sauti. Jina la chama waliache nyumbani. Na mwenyekiti wa mtaa, mwenye kalamu na muhuri, ndiye wa kwanza katika orodha hiyo.

Najua hoja ya wanaosema siasa iachwe kabisa kwa sababu inavunja undugu. Ni watu wema na wana sababu. Msibani si mahali pa kampeni, na kwetu msiba ni wa wote. Lakini undugu unaosimama kwa sharti kwamba upande mmoja unyamaze miaka yote umekwishavunjika, ila hatujatangaziana. Nimewaona wazee wa Butiama wakibishana kuhusu serikali mbili na tatu mpaka sauti zikakauka, kisha wakasindikizana njia nzima hadi barabarani. Hiyo inawezekana. Inafundishwa kwa kuonwa, na vijana wetu hawaioni vya kutosha.

Hapo ndipo lawama yangu inapowaangukia watu maalumu. Musoma, Bunda na Butiama zimejaa wastaafu: majaji, makatibu wakuu, wakuu wa mikoa, wanajeshi waliomaliza utumishi, walimu wakuu, maprofesa waliorudi kujenga kwao. Pensheni yao iko kisheria. Nyumba ni zao. Watoto wamekwishakua. Wengi wao faraghani wana maoni makali kuhusu nchi hii kuliko kijana yeyote wa kijiweni, ila hadharani huwasikii. Wamewaachia vijana wasio na kazi wala wakili kuwa ndio wanaosema kwa niaba ya wote. Mpangilio huo umekaa kichwa chini. Warioba na Butiku wamesema wakiwa wazee, na hawapaswi kuwa wawili tu.

Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa ni mwaka 2029. Ombi langu kwa wazee hawa, wa chama chochote mlicho, ni kwamba msisubiri mwaka huo. Njooni kwenye mikutano ya kijiji na mtaa ambayo sheria inataka iitishwe, mkae mbele, muulize mapato na matumizi, mkosoe mnachokikosoa na mtetee mnachokitetea, kwa majina yenu kamili na mbele ya vijana. Na kijana akinyanyuka nyuma yenu kuongeza lake, mumlinde.